Utatuzi wa matatizo ya seva ya midia ya nyumbani

Seva ya midia ya nyumbani ni programu ya kompyuta inayopanga video, muziki na picha za familia katika orodha na kuzipeleka kwenye runinga, simu au kompyuta nyingine zilizomo katika mtandao wa nyumba hiyohiyo. Mara nyingi programu hiyo huwekwa ndani ya kihifadhi cha mtandao, yaani kisanduku chenye diski moja au zaidi kilichounganishwa na ruta na kuwashwa saa zote. Kifaa hicho hujulikana kwa kifupi kama NAS. Wengine hutumia kompyuta ya mtumba, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi au ruta yenye tundu la USB.

Utatuzi wa matatizo ya seva hiyo ni kazi ya kutafuta kwa utaratibu ni kiungo gani kimeshindwa kati ya diski na skrini, kisha kukirekebisha bila kuhatarisha yaliyohifadhiwa. Hitilafu zinazoonekana kwenye runinga mara nyingi hazitoki kwenye diski, bali kwenye mtandao, ruhusa za kusoma au umbizo la faili. Hata hivyo video za harusi, mazishi na watoto zinaweza kupotea kabisa mtu akianza kwa kufomati diski au kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Kwa sababu hiyo swali la kwanza katika kazi hii ni kama yaliyomo yako salama. Kurudisha picha kwenye skrini hufuata baadaye.

## Historia fupi

Mwaka 2003 kampuni kadhaa, zikiwemo Sony na Intel, ziliunda umoja uliokuja kuitwa DLNA ili runinga, kompyuta na vifaa vya muziki vya watengenezaji tofauti viweze kuelewana katika mtandao wa nyumbani. Umoja huo ulivunjwa mwaka 2017, lakini utaratibu wake umebaki ndani ya runinga nyingi janja.

Programu ya XBMC, iliyoanza kama kichezeshi cha video kwenye mashine ya michezo ya Xbox, ilibadilishwa jina kuwa Kodi mwaka 2014. Kutokana na msimbo wake ilizaliwa Plex, ambayo baadaye iligawanywa sehemu mbili: seva inayokaa na mafaili, na programu ya kutazamia inayokaa kwenye runinga au simu. Mwezi Desemba 2018 wanaprogramu wa kujitolea walianzisha Jellyfin, wakichukua msimbo wa Emby baada ya wenye Emby kuacha kuuweka wazi. Jellyfin ni bure na msimbo wake uko wazi.

Watengenezaji wa NAS kama Synology na QNAP, wote wa Taiwan, huweka pia programu zao wenyewe. Programu hizo zinaweza kuondolewa wakati wowote. Mwaka 2024 Synology iliondoa Video Station katika toleo la 7.2.2 la mfumo wake, na watumiaji waliosasisha bila kusoma maelezo walikuta programu haipo ingawa video zao zilikuwa palepale kwenye diski. Tofauti kati ya programu na mafaili ni jambo la msingi: programu ikifutika inaweza kuwekwa tena, faili likifutika huenda lisirudi.

## Mazingira ya Dar es Salaam

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, hasa Kariakoo na mitaa inayopakana nayo, ni mahali ambapo wakazi wengi hununua vifaa vya kielektroniki na kuvipeleka kwa mafundi. Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na jengo la soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Siku hizi eneo hilo lina maghorofa mengi ya biashara na makazi yaliyosongamana.

Mazingira hayo yana athari nne kwa seva ya nyumbani.

* Umeme. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Kukatika ghafla, na hasa kurudi kwa kishindo, huumiza diski na vifaa vinavyozilisha umeme. Jiji lilipita katika vipindi vya mgawo wa umeme, kwa mfano miaka ya 2006, 2011 na 2023.
* Joto, vumbi na unyevu. Hewa ya pwani ina joto, unyevu na chumvi, na vumbi la mtaani huziba matundu ya feni. Kisanduku kilichofungiwa ndani ya kabati la runinga hupata joto kupita kiasi.
* Msongamano wa mawimbi. Katika ghorofa moja kunaweza kuwa na ruta nyingi zinazogombania mawimbi yaleyale, na kuta za zege hupunguza nguvu ya mawimbi hayo.
* Intaneti. Nyumba nyingi hutumia ruta zenye laini ya simu. Zina uwezo wa kutosha kwa intaneti, lakini hazikubuniwa zote kubeba video kutoka chumba hadi chumba.

## Viungo vitano

Njia rahisi ya kutafuta hitilafu ni kuitazama seva kama mnyororo wenye viungo vitano:

1. Diski: je, inasomeka?
2. Faili: je, ni zima, na limo katika umbizo linaloeleweka?
3. Programu ya seva: je, inafanya kazi na ina ruhusa ya kusoma faili?
4. Mtandao: je, seva na runinga zinaonana, na njia baina yao ni pana?
5. Skrini: je, runinga au simu inaweza kucheza umbizo hilo?

Badala ya kuanza mwanzo na kupita kila kiungo, ni afadhali kuugawa mnyororo katikati. Mtumiaji hufungua faili lilelile kwa kompyuta nyingine kupitia folda ya mtandao, bila kutumia programu ya seva. Likicheza vizuri, diski na faili ni vizima, na kifaa hakihitaji kufunguliwa wala kufomatiwa. Lisipocheza, linakiliwa kwanza kwenye kompyuta na kujaribiwa huko. Likicheza baada ya kunakiliwa, tatizo ni mtandao. Lisipocheza hata hapo, tatizo ni faili au diski.

Jaribio la pili ni kufungua ukurasa wa seva kwa kivinjari cha kompyuta iliyomo katika mtandao huo. Jellyfin na Emby kwa kawaida hutumia mlango namba 8096, na Plex namba 32400. Kama anwani ya kifaa ni 192.168.1.20, mtumiaji wa Jellyfin huandika http://192.168.1.20:8096. Ukurasa ukifunguka na video ikacheza kwenye kompyuta lakini si kwenye runinga, kinachobaki kuchunguzwa ni runinga yenyewe na njia inayoiunganisha na mtandao.

Kanuni nyingine ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuliandika. Anayebadili ruta, kebo na mipangilio ya programu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

## Matatizo ya kawaida

### Seva haionekani

Runinga inayotumia DLNA huitafuta seva kwa kutangaza ujumbe kwa vifaa vyote vya mtandao kupitia anwani 239.255.255.250, mlango namba 1900. Ujumbe huo ukizuiwa, seva haitaonekana hata kama ni nzima kabisa. Sababu za kawaida ni hizi:

* Runinga imeunganishwa na mtandao wa wageni wa ruta. Mtandao huo hutenga vifaa visionane, kwa ajili ya usalama.
* Kuna ruta mbili nyumbani, moja yenye laini ya simu na nyingine ya kusambaza mawimbi, na kila moja inagawa anwani zake. Runinga inaweza kupata anwani inayoanza na 192.168.0 na seva 192.168.1, hivyo zikawa kama nyumba mbili tofauti. Dawa ni kuiweka ruta ya pili katika hali ya kusambaza tu, isigawe anwani.
* Anwani ya seva imebadilika baada ya ruta kuzimwa na kuwashwa. Inafaa kuitengea seva anwani ya kudumu katika mipangilio ya ruta.
* Seva imejipa anwani inayoanza na 169.254. Hiyo ni dalili kwamba haikupewa anwani na ruta, na kebo au tundu lake lichunguzwe kwanza.

Folda ya mtandao nayo inaweza kutoonekana kwa sababu ya umri wa kifaa. Vifaa vya zamani hutumia toleo la kwanza la itifaki ya SMB. Mwaka 2017, mwaka wa shambulio la WannaCry lililopitia udhaifu wa toleo hilo, Microsoft iliacha kuliweka katika usakinishaji mpya wa Windows 10. Si vyema kuliwasha tena kwenye kompyuta. Ni bora kusasisha NAS, au kutumia programu ya seva badala ya folda.

### Seva inaonekana lakini video hazimo katika orodha

Hapa mtandao unafanya kazi. Kinachochunguzwa ni ruhusa, majina na utambuzi.

Programu ya seva hufanya kazi kwa jina lake yenyewe, si kwa jina la mwenye kifaa. Kwa hiyo mwenye kifaa anaweza kuona folda zake zote huku programu haioni hata moja. Tangu toleo la 7 la mfumo wa Synology, kwa mfano, mtumiaji wa ndani anayeitwa PlexMediaServer ni lazima apewe ruhusa ya kusoma kila folda ya video. Ruhusa ya kusoma inatosha. Kumnyima ruhusa ya kufuta ni kinga dhidi ya makosa.

Plex na Jellyfin hutafuta taarifa za filamu katika hifadhidata za dunia kwa kufuata jina la faili na mwaka. Filamu nyingi za Kitanzania hazimo katika hifadhidata hizo, hivyo programu huweza kuibandika filamu ya Bongo picha na maelezo ya filamu nyingine ya Marekani au India yenye jina linalofanana. Vivyo hivyo video ya harusi inaweza kuachwa kabisa kwa kutotambuliwa. Suluhisho ni kuunda maktaba ya aina ya video za nyumbani, ambayo haitafuti chochote nje na huonyesha mafaili kwa majina yake.

Tatizo jingine linahusu DVD za sherehe. Wapiga video wengi walikuwa wakikabidhi kazi kwa DVD, na wenye nazo hunakili folda ya VIDEO_TS nzima kwenye diski. Ndani yake video moja imekatwa vipande vya faili la VOB, kila kimoja kisichozidi takriban gigabaiti moja. Plex haitambui folda ya namna hiyo. Programu ya MakeMKV huunganisha vipande hivyo kuwa faili moja bila kupunguza ubora, na HandBrake hubadilisha kuwa faili dogo la MP4. Nakala ya awali isifutwe mpaka faili jipya litazamwe hadi mwisho, kwa sababu DVD za kuandikwa nyumbani huharibika kwa joto na mikwaruzo, na huenda isiwezekane kuisoma mara ya pili.

### Picha inakwama

Kukwama kwa picha kuna sababu kuu mbili: njia ni nyembamba, au prosesa imechoka.

Upana unaohitajika unaweza kukadiriwa kwa hesabu. Ukubwa wa faili kwa gigabaiti huzidishwa kwa 8,000 ili kupata megabiti, kisha hugawanywa kwa muda wa video katika sekunde. Filamu ya saa mbili yenye gigabaiti 4.5 ina megabiti 36,000. Zikigawanywa kwa sekunde 7,200 ni megabiti 5 kwa sekunde, kiasi ambacho karibu kila mtandao wa nyumbani unakiweza. Filamu ya 4K ya muda huohuo yenye gigabaiti 40 inahitaji wastani wa megabiti 44 kwa sekunde, na zaidi ya hapo katika matukio yenye mwendo mwingi. Mawimbi dhaifu yanayopita kuta mbili za zege hayatoshi.

Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini yana nafasi chache. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Katika ghorofa lenye ruta nyingi, chaneli 3 au 4 haimkwepi jirani, bali humwingilia wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Mawimbi ya gigahezi 5 yana nafasi nyingi zaidi, ingawa hupenya kuta kwa shida, na yanafaa kama ruta na runinga zimo chumba kimoja. Suluhisho la kudumu ni kebo, angalau kati ya NAS na ruta. Kebo yenye waya uliokatika ndani inaweza kushuka hadi megabiti 100 kwa sekunde bila kuzima kabisa, kwa hiyo kasi iliyoandikwa katika mipangilio ya ruta isomwe.

Sababu ya pili ni kubadili umbizo papo hapo. Runinga isipoelewa umbizo la video, seva hulazimika kuitafsiri upya wakati inatazamwa. NAS nyingi za bei nafuu zina prosesa zisizoweza kazi hiyo kwa video ya H.265, umbizo lililoidhinishwa mwaka 2013 ambalo runinga nyingi za zamani hazilijui. Ukurasa wa usimamizi wa Plex au Jellyfin huonyesha kama video inatumwa moja kwa moja au inabadilishwa. Ikiwa inabadilishwa, ni afadhali kuibadilisha mara moja kwa kompyuta yenye nguvu na kuihifadhi kama H.264. Manukuu ya picha yanayotoka kwenye diski za Blu-ray nayo huweza kuilazimisha seva kuchora upya kila fremu. Kuyazima kwa muda ni jaribio rahisi.

Video ikichelewa kwa sekunde kama kumi mwanzoni tu, kisha ikaenda vizuri, si ugonjwa. Diski ilikuwa imelala na inaanza kuzunguka.

### Picha ipo, sauti haipo

Mara nyingi sauti imehifadhiwa kwa DTS au umbizo jingine ambalo runinga haina leseni yake. Samsung, kwa mfano, iliacha kuweka DTS katika runinga zake mwaka 2018. Sauti peke yake inaweza kubadilishwa kuwa AAC bila kugusa picha, kazi inayochukua dakika chache. Kabla ya hapo mtumiaji ahakikishe kwamba faili halina nyimbo mbili za sauti na iliyochaguliwa ni tupu.

### Herufi za manukuu zimeharibika

Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini, hivyo manukuu yake hayaharibiki sana. Manukuu ya Kiarabu, Kihindi au Kifaransa yaliyohifadhiwa kwa mfumo wa zamani huonekana kama alama zisizosomeka. Faili la manukuu lifunguliwe kwa programu ya kuandikia na kuhifadhiwa upya kwa mfumo wa UTF-8.

## Baada ya umeme kukatika

Umeme unapokatika wakati seva inaandika, vitu viwili huweza kuharibika: mpangilio wa mafaili kwenye diski, na hifadhidata ya programu. Cha pili hutisha lakini madhara yake ni madogo. Orodha huonekana tupu au programu hukataa kuanza, kumbe video zipo zote. Plex hujiwekea nakala ya hifadhidata yake kila baada ya siku tatu katika mipangilio ya kawaida, na nakala hiyo inaweza kurudishwa. Nakala zote zikishindikana, orodha huundwa upya kutoka kwenye mafaili. Kinachopotea ni kumbukumbu ya yaliyotazamwa.

Saa ya kifaa ni jambo linalosahaulika. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa inayoendelea umeme ukikatika. Kifaa kikiwaka bila intaneti hubaki na tarehe isiyo sahihi, na tarehe ikiwa mbaya vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa, hivyo kuingia kwenye akaunti kunashindikana. Kompyuta za zamani hupata tatizo hilohilo betri ndogo ya ubaoni ikiisha. Kabla ya kubadili nenosiri, tarehe itazamwe.

Kinga bora ni UPS, yaani betri inayoshika kazi mara umeme unapokatika. Haihitaji kudumu saa nyingi. Kazi yake ni kuipa seva dakika chache za kujizima kwa utaratibu. NAS nyingi huunganishwa na UPS kwa waya wa USB ili zijue umeme umekatika. UPS isiyounganishwa kwa waya huo huchelewesha tu kuzimika kwa ghafla. Asiye na UPS achomoe kifaa mara umeme unapokatika na kukirudisha dakika kadhaa baada ya umeme kutulia.

## Intaneti inapokatika

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Tukio la namna hiyo huonyesha faida ya kuwa na mafaili nyumbani, kwa kuwa safari ya video kutoka NAS hadi runinga haipiti nje ya ruta.

Hata hivyo si kila programu huendelea. Plex humtambua mtumiaji kupitia seva za kampuni hiyo, kwa hiyo intaneti ikikosekana programu ya runinga inaweza kukataa kufungua. Katika mipangilio ya mtandao ya Plex ipo nafasi ya kuandika anwani za ndani zinazoruhusiwa bila kuthibitishwa. Iandikwe mapema, intaneti ikiwa ipo. Jellyfin na DLNA hazihitaji uthibitisho wa nje.

Tatizo la kinyume ni la anayetaka kutazama akiwa mbali, na seva iko nyuma ya ruta ya laini ya simu. Kampuni za simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa pamoja, hivyo kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii. Njia inayofaa ni mtandao binafsi pepe, yaani VPN, kama WireGuard au Tailscale. Tangu Aprili 2025 Plex hutoza malipo kwa kutazama video ukiwa nje ya nyumba.

## Diski inapougua

Dalili za diski inayoelekea kufa ni mlio wa kugongagonga, kunakili kunakoganda mahali palepale, na kifaa kutoweka katikati ya kazi. Diski hujiwekea kumbukumbu za afya zinazoitwa SMART. Namba za kutazama ni 5 (sehemu zilizohamishwa), 197 (sehemu zinazosubiri) na 198 (sehemu zisizosomeka). Zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka, diski isiendelee kutumika.

Hapo utaratibu hubadilika. Kazi ya kwanza ni kunakili yasiyopatikana kwingine, kwa kuanza na video na picha za familia. Filamu zilizonunuliwa zingojee. Ukaguzi na matengenezo ya mpangilio wa mafaili vifuate baadaye, na vifanywe juu ya nakala, kwa sababu programu za kutengeneza diski huandika juu ya diski ileile na huweza kuua iliyokuwa hai kwa shida.

Hatari kubwa zaidi ni hii. NAS nyingi hutumia mifumo ya mafaili ya Linux kama ext4 au Btrfs. Diski ikitolewa humo na kuchomekwa kwenye kompyuta ya Windows, Windows haiielewi, na huweza kuuliza kama mtumiaji anataka kuifomati. Jibu ni *hapana*. Diski haijaharibika, inasomwa na mfumo usio wake. Inatakiwa isomwe kwa kompyuta yenye Linux, ambayo inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Anayempelekea fundi kifaa amweleze kwa maneno na kwa maandishi juu ya kisanduku kwamba yaliyomo yanahitajika na diski isifomatiwe.

## Kununua diski

Diski na flashi hununuliwa baada ya kupimwa. Flashi na kadi za bandia hujitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko iliyomo. Zikijaa huandika juu ya yaliyotangulia bila kutoa onyo. Programu za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hujaza nafasi yote na kuisoma tena ili kupata ukweli. Kwa diski ya mtumba, muuzaji aombwe kuionyesha SMART yake, ikiwemo idadi ya saa ilizofanya kazi, kabla ya fedha kutolewa. Risiti na muda wa dhamana viandikwe.

## Usalama na nakala za akiba

Mwezi Juni 2021 wenye vifaa vya My Book Live vya Western Digital walikuta diski zao zimefutwa na wavamizi kupitia intaneti. Kampuni ilikuwa imekwisha kuacha kuvisasisha vifaa hivyo miaka kadhaa kabla, na iliwashauri watu wavichomoe kwenye intaneti. Mwezi Januari 2022 wavamizi wa Deadbolt walifunga kwa fumbo mafaili ya wenye vifaa vya QNAP na kudai fidia. Kutokana na matukio hayo inashauriwa kutofungua NAS moja kwa moja kwa intaneti, kuzima ufunguaji milango wa ruta unaojiendesha, kusasisha mfumo na kubadili nenosiri la kiwandani.

Diski mbili zinazoakisiana ndani ya NAS moja, mpango uitwao RAID 1, humkinga mtumiaji dhidi ya kufa kwa diski moja tu. Hazimkingi dhidi ya wizi, moto, mshindo wa umeme au kufuta kwa bahati mbaya, kwa sababu kinachofutwa kwenye diski ya kwanza hufutwa papo hapo kwenye ya pili. Moto ulioliunguza Soko la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021 ni ukumbusho kwamba vitu vilivyo chini ya paa moja huweza kupotea kwa pamoja.

Kanuni inayofundishwa ni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida inaweza kuwa NAS, diski ya USB inayowekwa kabatini baada ya kunakiliwa, na diski nyingine kwa ndugu wa mtaa au mji mwingine. Nakala ya akiba ihesabiwe kuwa ipo pale tu mtu alipowahi kufungua faili kutoka humo na kulitazama.

## Hakimiliki

Nchini Tanzania kazi za filamu na muziki zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kumiliki seva ya midia si kosa. Kusambaza au kuonyesha hadharani kazi za wengine bila idhini yao ni jambo jingine, hata kama mtandao unaotumika ni wa ndani ya jengo moja. Video ambazo familia ilijirekodia yenyewe hazina kikwazo hicho, na ndizo zisizoweza kununuliwa tena dukani zikipotea.